Jina Nililoliacha Katika Seva ya Jengo la Uzazi

Jericho, Nairobi, Jumapili jioni

Nekesa, mwanangu mpendwa,

Nakuandikia kabla hujarudi kutoka mtaa wa Fedha, ulikokwenda kumuaga shangazi yako. Uniwie radhi kwa kusema hivi, lakini tangu ulipotoka nimekuwa nikiomba akucheleweshe kidogo na chai yake na maswali yake. Ungekuwa hapa mezani nisingeweza. Ningekuuliza kama umepiga pasi nguo zako, nawe ungenijibu, na jioni ingekwisha hivyo, kama zilivyokwisha nyingine nyingi.

Mambo ya blanketi, ya mtungi wa gesi, na ya kutomfungulia mlango mtu usiyemjua, shangazi yako ameshayasema kiasi cha kutosha. Baridi ya Nakuru, unakokwenda kuanza kazi, utaizoea. Mimi nataka kulijibu swali uliloniuliza majuma mawili yaliyopita, ambalo nililikwepa kwa namna isiyomfaa mtu wa umri wangu.

Ulisimama mlangoni pa jikoni na ile barua ya kazi mkononi. Ukasema, "Baba, wanasema kazi ya kwanza ni kuwawekea seva kuu ya orodha ya wafanyakazi, hospitali nzima. Si wewe ndiye uliyewawekea kule hospitali yenu? Nichoree basi, mzee wangu, hata nyuma ya kalenda."

Nikakuambia miwani yangu imepotea.

"Baba, miwani iko kwa paji la uso."

Ulicheka sana, nami nikacheka, kisha nikasema tutazungumza kesho. Kesho yake nilikwenda kanisani kufanya usafi ambao hakuna aliyeniomba kuufanya. Ulidhani nimezeeka, kwamba nimesahau kazi na naona haya kusema. Sijasahau hata amri moja. Ngoja nikuchoree sasa.

Hospitali yetu ilikuwa na majengo mawili, jengo kuu na jengo la uzazi, na katikati yake kiwanja cha magari. Kila wadi ilikuwa na kompyuta, na hakuna kompyuta iliyomjua mtu. Muuguzi alipoketi akaandika jina lake na nenosiri lake, ile kompyuta ilikwenda kuuliza, "Huyu ni wetu?" Iliyoulizwa ni seva kuu, iliyokaa katika chumba changu kidogo kando ya masjala. Humo ndimo ilimokuwa orodha ya kila mtumishi, jina lake, nambari yake, wadi yake, na milango anayoruhusiwa kuifungua.

Katika jengo la uzazi tuliweka seva ya pili, seva msaidizi, ili waya wa kiwanjani ukikatika wakunga wasikwame. Msaidizi haandiki chochote, Nekesa. Ananakili tu kutoka kwa mkuu. Na kwa jinsi tulivyoipanga sisi, hata kunakili hakufanyi kwa hiari yake. Ukibadilisha jambo katika orodha ya seva kuu, ni lazima wewe mwenyewe uamuru orodha ijengwe upya na isukumwe ng'ambo. Usipoamuru, msaidizi ataendelea kuamini mambo ya jana, na atawajibu watu kwa mambo ya jana, kwa unyoofu kabisa.

Nakusihi usome tena maneno hayo ya mwisho. Barua hii yote imesimama juu yake.

Seva kuu ilikuwa chini yangu. Seva msaidizi ilikuwa chini ya Bwana Swaleh.

Ndiyo, huyo huyo. Swaleh wa kibanda cha simu hapa sokoni Jericho. Najua unavyomjua, na najua ni nani aliyekufundisha kumjua hivyo. Alikuwa mwenzangu kwa miaka kumi na miwili. Alikuwa mtu wa kucheka kwa sauti, nami, kwa malezi ya wamishonari, nilikuwa mtu wa kuomba radhi hata kwa mlango nilioufunga taratibu. Alikuwa akiniambia, "Baba Nekesa, wewe ukifa utamwomba msamaha mchimba kaburi kwa kumchosha." Mama yako alipenda sana utani huo. Akiwa zamu alikuwa akipita ofisini kwetu kuuliza, "Leo mume wangu ameomba msamaha mara ngapi?" na Swaleh alikuwa amehesabu.

Naja kwa mama yako sasa. Nimekuwa nikizunguka.

Ulikuwa Kidato cha Tatu alipofariki. Msiba ule unaukumbuka, sitaurudia. Lakini siku ya tatu baada ya mazishi, siku ya wafiwa kunyolewa nywele, wewe ulilazwa na bibi yako ndani kwa homa, kwa hiyo hukuyaona yaliyofanyika uani. Wajomba zako walileta sanduku lake wakaligawa kama desturi yetu inavyotaka. Gauni la bluu lilikwenda kwa huyu, sweta kwa yule, na viatu vya kazini kwa binamu yake ambaye hata havikumtosha. Mzee mmoja aliniambia, "Usibaki na kitu chake, Elfasi. Kilichobaki humwita." Nikaitikia kwa heshima. Nilitoa hata leso. Sikubaki na kitu.

Nikarudi Nairobi, nikaingia kazini Jumatatu, nikafungua orodha ili kufanya mambo mengine. Nikamkuta. Roda Naliaka, muuguzi, wadi ya uzazi.

Kanuni ilikuwa wazi, nami ndiye niliyeiandika. Mtumishi akiacha kazi au akifariki, jina lake litolewe siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimewatoa watu wengi kwa kanuni hiyo, na kila mmoja alinichukua muda mfupi kuliko wa kukoroga sukari. Siku ile niliufunga ukurasa. Nikajiambia nitafanya kesho. Vitu vyake vyote vilikuwa vimeshikwa na watu wengine, isipokuwa hili jina, ambalo lilikuwa mikononi mwangu peke yangu, na hakuna mzee wa ukoo aliyejua kwamba lipo.

Miezi miwili baadaye uongozi ukaniagiza nijenge seva kuu mpya, kwa maana ile ya zamani ilikuwa imechoka. Waliandika kwamba nisihamishe orodha ya zamani. Nianze upya, nichukue majina kutoka ofisi ya utumishi, walio kazini tu. Hiyo ndiyo njia iliyo sawa, nawe uifuate. Niliketi na karatasi zao siku tatu. Jina la mama yako halikuwamo, kwa sababu ofisi ya utumishi haikuwa na sababu ya kuchelewa kama mimi.

Nililiongeza mwenyewe, kwa vidole hivi, chini ya majina ya wadi yake. Nikampa na nenosiri lake kama lilivyokuwa katika orodha ya zamani, na nambari yake ileile, kwa sababu kompyuta humtambua mtu kwa nambari zaidi ya jina, na bila nambari ile mafaili yake yasingemjua. Kisha nikaamuru orodha ijengwe, nikaisukuma ng'ambo, na seva msaidizi ya Bwana Swaleh ikaipokea bila swali. Nilijisikia kama mtu aliyemwachia mgeni taa ya nje. Sikuona kuna dhara.

Majuma machache yakapita. Asubuhi moja nilikuwa nikipitia daftari la seva, lile linaloandika nani ameingia na saa ngapi. Nikasoma kwamba Roda Naliaka ameingia saa nne na dakika nane, kompyuta ya meza ya wauguzi, jengo la uzazi. Ametoka saa nne na robo.

Nitakuambia ukweli wa jinsi nilivyojisikia, ingawa ni aibu. Niliogopa, na chini ya hofu hiyo nilifurahi. Mtu mwenye kazi kama yangu alipaswa kuinua simu papo hapo na kusema kuna mtu anatumia jina la marehemu. Mimi nilifunga mlango wa ofisi ili nisome mstari ule tena bila kusumbuliwa.

Akaingia tena siku ya pili. Na ya tatu. Kila mara ilikuwa kati ya saa nne na saa nne na nusu, baada ya madaktari kupita wadini, wakati ambapo mama yako alikuwa akiketi kuandika taarifa zake. Nikaanza kuihamisha chai yangu iwe saa hiyo. Nilikuwa nikiketi mbele ya daftari na kikombe, nikingoja mstari utokee. Ulipotokea niliweza kufanya kazi hadi jioni. Kuna wakati alikaa siku tatu bila kuingia, nami nikashindwa kula. Wewe ukaniuliza, "Baba, ni malaria?" ukaninunulia dawa kwa hela zako za shule.

Sikuamini kwamba yu hai. Nataka ulijue hilo, kwamba baba yako hakurukwa na akili. Lakini sikutaka kuambiwa. Siku moja nilivuka kiwanja saa nne kamili hadi kwenye dirisha la wadi. Meza ya wauguzi iko pale pale dirishani, kichwa cha mtu unakiona kwa nyuma. Nilibakisha hatua kama tano. Niliona kofia nyeupe juu ya kiti. Nikageuka nikarudi haraka, nikamwambia askari wa mlangoni nimesahau funguo. Laiti ningepiga zile hatua tano, mwanangu, ningemwona mtu, ningemshika, na mambo yangeishia pale. Niligeuka kwa sababu sikutaka kichwa kile kiwe cha mtu mwingine.

Aliyekuwa akiingia, naona nikuambie mapema usije ukasumbuka, hakujulikana hadi leo. Mama yako, kama wauguzi wote wa wadi ile, alikuwa ameandika nenosiri lake nyuma ya kitabu cha zamu, ili mgeni ambaye hajapewa lake asikwame. Ulikuwa wema wa kawaida wa pale. Mtu mmoja aliliona na akagundua kwamba bado linafungua. Na kile alichokuwa akikifungua ni kabati la dawa za maumivu makali, zile zinazofungiwa na kila kidonge kuandikwa. Kwa jina la mama yako zilitoka dawa kwa zaidi ya miezi miwili.

Alasiri moja meneja wa utumishi alinipigia simu. Alikuwa mama mpole, hakupenda kelele. "Mzee Elfasi, kesho saa tatu naomba tukutane tuitazame orodha yako. Kuna jina limejitokeza kwenye stoo ya dawa ambalo halipaswi kuwepo. Nitaleta na wakaguzi." Nikamwambia, "Bila shaka, mama. Samahani kwa usumbufu." Hata hapo niliomba msamaha, bila kusema ni msamaha wa nini.

Watu walipokwisha kutoka, nilifungua seva kuu, nikalitafuta jina lake na nikalitoa. Safari hii halikunichukua muda mfupi. Nililitazama mpaka macho yakaniuma, kisha nikabonyeza. Nikaangalia orodha. Safi.

Ikabaki amri moja, ya kuisukuma orodha ng'ambo. Ungekuwa ni wewe ungeiandika bila kufikiri, kama mtu anavyofunga kitasa. Niliandika nusu yake, nikaifuta. Nikazima taa nikaja nyumbani.

Kwa miaka tisa nimejiambia nilisahau. Nilipochoka kujiambia hivyo, nilijiambia kwamba nilishindwa kumfuta mke wangu kila mahali kwa jioni moja, kwamba nilitaka abaki japo ng'ambo ya kiwanja. Na hilo ni kweli, Mungu ni shahidi. Lakini si kweli yote. Nilipokuwa nikipita getini nilijua kwamba kesho saa tatu wakaguzi watalikuta jina lile katika mashine moja tu, na nilijua ni mashine ya nani. Sikusahau. Naomba ulisome neno hilo moja kama nilivyoliandika, bila kunitafutia udhuru. Najua utautafuta, kwa sababu unanipenda.

Asubuhi tulikuwa watu watano chumbani, meneja, wakaguzi wawili, Bwana Swaleh na mimi. Wakafungua seva kuu, hamna kitu. Wakafungua ya jengo la uzazi, wakalikuta. Mkaguzi mmoja akalisoma kwa sauti, "Roda Naliaka," kama anavyosomwa mshtakiwa. Jina la mama yako, ambaye hakuwahi kurudi nyumbani hata na pamba ya hospitali.

Meneja akaniuliza, "Mzee, orodha uliyoiweka ulipojenga seva mpya ilikuwa safi?"

"Ilikuwa safi, mama."

"Basi hili lilitoka wapi?"

Nikajibu, "Seva ya jengo la uzazi iko chini ya Bwana Swaleh."

Utaona kwamba neno hilo la mwisho ni la kweli. Nililichagua kwa uangalifu mkubwa. Walimu wangu wa misheni walinifunza Kiswahili kizuri, nami siku ile nilikitumia hivyo.

Wote wakamgeukia. Sasa kumbuka nilichokuambia, kwamba seva msaidizi haiandiki, inanakili tu. Jina haliwezi kuanzia kule. Angeweza kuwaeleza kwa sentensi moja, kisha akawaonyesha. Katika jengo zima tulikuwa watu wawili tu tuliolijua hilo, yeye na mimi. Alinitazama, hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu anayesoma maandishi madogo. Meneja akamuuliza mara mbili kama ana la kusema. Akasema, "Sina, bibi." Kabla ya mchana alikuwa ameshatoa vitu vyake.

Nilimfuata kiwanjani. Sijui nilitaka kumwambia nini. Alikuwa ameshika redio yake ndogo kwapani. Akasema, "Baba Nekesa, mikono ya Mama Nekesa ndiyo iliyompokea Rukia wangu duniani, mtoto amekuja na kitovu shingoni, hata kulia halii. Ningesema pale ndani, ingebidi niseme ni nani aliyemrudisha kwenye orodha, na kwa nini, na wangemcheka marehemu na wewe pamoja. Mimi nilinyamaza kwa ajili yake. Wewe ulisema kwa ajili ya nani?"

Alingoja jibu kwa kweli. Hakuwa akinisuta. Nikamwambia, "Nina mtoto Kidato cha Tatu." Akaitikia kwa kichwa, akasema, "Mimi ninao wanne," akaenda zake.

Jioni ile ile niliamuru orodha isukumwe. Tangu siku hiyo mama yako hakuingia tena. Nilifanya kazi pale miaka mingine sita, na kila siku saa nne nilitazama. Hata sasa, nikiwa nimestaafu, saa nne ikigonga shingo yangu hugeuka yenyewe. Umeniona nikifanya hivyo ukauliza kuna nani nyuma yangu.

Nimekuja sasa mahali panapokuhusu wewe, na hapa kalamu ni nzito zaidi. Habari zilifika mtaani upesi. Ukaniuliza wakati wa chakula, "Kwani ni nani aliyeiba kwa jina la Mama?" Ningeweza kusema sijui. Nilisema, "Ni yule Swaleh. Asikuone kwake." Ilikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia, nawe ulikuwa na haja ya mtu wa kumchukia.

Mwaka uliofuata tulikutana naye sokoni, penye wauza mboga. Alikuwa ameanza kile kibanda. Akakunyooshea mkono, akasema, "Hujambo, mwanangu? Umekuwa mrefu. Umetoka mama'ko mtupu." Nawe ukarudisha mkono nyuma, mbele ya wanawake wote wale, ukasema, "Sisi kwetu hatusalimiani na wezi."

Mkono wake ulibaki hewani. Akanitazama mimi, si wewe. Nilikuwa na kikapu. Nikakihamisha kutoka mkono huu hadi huu, nikasema, "Twende, Nekesa, jua linazidi."

Nimetenda mabaya kadhaa maishani, mengine nimeyasahau. Hilo la kikapu halijaniacha hata siku moja. Bwana Swaleh nilimnyima kazi na heshima. Kwako wewe, niliweka kinywani mwako neno la uongo ukalitamka kwa ujasiri, ukidhani unamtetea mama yako. Na mama yako, angekuwepo, ndiye angekuwa wa kwanza kuushika mkono ule.

Jumapili iliyopita ulikuwa ukitusimulia hapa mezani habari za aliyekutangulia katika kazi ya Nakuru. Ulisema alifukuzwa kwa kuwa majina ya watu wasiokuwepo yalikutwa katika orodha yake. Shangazi yako akasikitika. Ukasema, "Aah, auntie, huyo alikuwa mwizi tu, ka yule wa simu hapo soko." Ukaendelea kumenya chungwa. Nikaona kwamba nimekulea vizuri katika kila jambo isipokuwa hilo, na kwamba unakwenda nalo.

Basi jana nilikwenda kibandani kwake. Nilikuwa nimeandika barua ya kwenda hospitalini, kurasa mbili, nikieleza yote haya kwa tarehe na amri na saa, na sahihi yangu chini. Nilimkuta akifungua simu ya mteja kwa bisibisi ndogo. Ndevu zimekuwa nyeupe.

"Karibu, Baba Nekesa," akasema, kana kwamba tuliachana juzi. "Imevunjika kioo?"

"Sikuja na simu, Bwana Swaleh. Samahani. Nimekuja na hii."

Aliisoma yote, polepole, bila kuniambia niketi. Mteja akasema, "Mzee, mi nawahi job." Akamwambia, "Ngoja kijana, nasoma barua yangu." Alipomaliza akaikunja kama ilivyokuwa.

"Umeeleza vizuri," akasema. "Hata ile amri umeiandika sawasawa. Ipeleke. Sitakuzuia, nami sitajifanya siitaki, wanangu waisome. Lakini si wao walioniumiza sana. Wale walikuwa hawajui kompyuta." Akaishika tena bisibisi. "Mimi miaka tisa nikimwona binti yako anakuja, najitia kuinama natafuta skrubu chini. Si kwa kumchukia. Ili asipate shida ya kunikwepa. Huyo ndiye umwambie. Na umwambie kabla hajaondoka, si kwa simu akiwa mbali, maana kwa simu utaanza kuomba radhi na hutafika mwisho."

Nikamuuliza kama ana neno lolote nikuletee. Akafikiri. "Hapana. Akishajua, neno ni lake."

Ndiyo sababu ya barua hii. Naiandika kwa karatasi, niiache juu ya sanduku lako uisome usiku huu, kwa kuwa alinikataza simu, na ana kwa ana mimi bado ni mwoga.

Uliomba nikuchoree jinsi ya kuanza seva kuu, nami nimekuchorea nijuavyo. Utaanza na orodha safi kutoka ofisi ya utumishi. Huenda pia ukakuta katika ile ya zamani jina la mtu ambaye hayupo, na ukaona uso wa mzee fulani pale ofisini ukibadilika. Litoe, kazi ni kazi. Lakini muulize kwanza lilikuwa la nani, mpe nafasi ya kukaa, na umsikilize. Mimi hakuna aliyeniuliza, nami sikumwambia mtu. Na ukilitoa, isukume orodha wakati huo huo, mpaka ng'ambo ya mwisho, uhakikishe kwa macho yako, kabla hujavaa koti.

Barua ya hospitali nitaipeleka kesho, ofisi zikifunguliwa. Sijui watafanya nini na kijizee kama mimi. Cheti cha utumishi mwema walichonipa nimekishusha ukutani, nitawarudishia pamoja nayo. Utauona msumari mtupu, usishtuke. Lolote litakalonipata si juu yako, na nakuomba sana usirudi kwa ajili yake.

Basi lako kesho ni saa moja asubuhi. Kibanda cha Bwana Swaleh hufunguliwa saa kumi na mbili na nusu, naye huwa peke yake saa hiyo, akifagia. Sikutumi. Yeye hakuomba, na mimi sina haki ya kuomba.

Sanduku lako nitalitoa mlangoni mapema. Nitakaa kwenye kiti cha sebuleni nikiwa nimeshavaa. Ukiniita, nitalibeba mpaka stendi kama tulivyopanga. Ukilichukua mwenyewe ukapita, sitainuka, wala sitakuandikia kukuuliza kwa nini.

Nasikia geti. Ni wewe, unamwambia mtu usiku mwema.

Baba yako,
Elfasi